Mashine Imewaka, Lakini Haijakamilika

Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu, maana yapo mambo mawili matatu ambayo ningependa uyaandike.

Leo tunazungumzia kompyuta, na hasa sehemu yake ambayo watu wengi hawaifikirii mpaka siku inapowaletea taabu. Tunazungumzia draiva za chipseti na draiva za diski: namna ya kuziweka, namna ya kuzisasisha, na lini ni busara kuziacha zilivyo. Majina hayo yasikutishe. Tutakwenda polepole, na tukimaliza yatakuwa majina ya kawaida kwako.

Kwa nini tuzungumze jambo hili leo? Kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wengi wanapeleka mashine kwa mafundi ziwekewe Windows 11. Wengine wananunua kompyuta zilizotumika, zile zinazoingia kutoka Ulaya, ambazo muuzaji huzifuta na kuziwekea Windows upya. Mashine inawashwa mbele yako, picha ya Windows inatokea, mshale unatembea kwenye skrini. Unalipa, unabeba, unaondoka. Wiki haijaisha, maswali yanaanza. Mbona ikilala haiamki? Mbona flashi inasoma kwa kusuasua? Mbona sauti haitoki? Na lile kubwa kuliko yote: mbona leo imegoma kabisa kuwaka?

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka likae: mashine kuwaka siyo kukamilika. Kazi ya kuweka Windows inakwisha pale draiva za ubao mama na za diski zinapokuwa mahali pake, zikiwa zimetoka kwa aliyetengeneza mashine, na wewe mwenye mashine ukiwa na nakala yake.

Tuanze na chipseti. Ukifungua kompyuta ya mezani utaona ubao mkubwa uliobeba kila kitu. Huo ndio ubao mama, mafundi wengi huuita mazabodi. Juu yake pana prosesa, pana rami, pana matundu ya diski, ya USB, ya sauti na ya mtandao. Vifaa vingi kati ya hivyo haviongei na prosesa moja kwa moja. Vinapitia kwenye chipu nyingine iliyo palepale ubaoni, mara nyingi imefunikwa na kipande cha chuma cha kuipoza. Zamani zilikuwa chipu mbili: moja ilishughulika na rami na kadi ya picha, nyingine ikashughulika na diski, USB na vifaa vya taratibu zaidi. Kadiri miaka ilivyokwenda, kazi za ile ya kwanza zikahamia ndani ya prosesa yenyewe, na kwenye kompyuta nyingi za leo imebaki chipu moja. Hiyo ndiyo chipseti. Kwenye laptop nayo ipo, na katika baadhi ya laptop imewekwa pamoja na prosesa katika kifurushi kimoja.

Na draiva je? Draiva ni mkalimani. Windows inasema, "Hifadhi faili hili." Diski ina lugha yake, tundu la USB lina lugha yake, na kila kampuni ina matamshi yake. Mkalimani anasimama katikati. Windows huja na wakalimani wake wa jumla, na kwa vifaa vingi wanatosha kuifanya mashine iwake. Lakini kuna vifaa ambavyo hao wa jumla hawavijui kabisa. Hapo ndipo mashine inawaka huku nusu ya viungo vyake havijulikani kwa jina.

Je, utajuaje kama mashine yako iko katika hali hiyo? Chukua kalamu sasa. Shika kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, bonyeza na herufi X, kisha kwenye orodha inayotokea chagua Device Manager. Utaona orodha ya vifaa vyote. Tafuta alama ndogo ya njano yenye mshangao. Ukiikuta kwenye jina "SM Bus Controller", jua draiva za chipseti hazijawekwa. Ukiikuta kwenye "PCI Simple Communications Controller", katika mashine nyingi zenye prosesa za kampuni ya Intel hiyo ni draiva ya kile kidhibiti cha ndani kinachoitwa Management Engine, nayo inapatikana kwa mtengenezaji wa mashine.

Na ukikuta kifaa kisicho na jina lolote, kimeandikwa tu kwamba hakijulikani? Usikate tamaa. Bofya kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda sehemu ya Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona mstari wenye herufi VEN na tarakimu nne. Zikiwa 8086, kifaa ni cha Intel. Zikiwa 1022, ni cha kampuni ya AMD. Hiyo 8086 ni namba ya prosesa maarufu ambayo Intel iliitoa mwaka 1978. Kwa hiyo hata kifaa kisichojulikana kinakwambia ni cha nani, ukijua pa kutazama.

Sasa tumejua kinachokosekana. Tunakipata wapi? Narudia lile la mwanzo: kwa aliyetengeneza mashine. Kama ni laptop au kompyuta ya kampuni kama Dell, HP au Lenovo, ina namba yake, mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa chini au ubavuni. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni hiyo, na utaletewa draiva za mashine yako. Kama ni kompyuta iliyoungwa na fundi kwa vipande, kinachotafutwa ni jina la ubao mama. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Kwenye mistari inayoanza na neno BaseBoard utaona aliyetengeneza ubao na jina lake. Andika kama lilivyo, hata herufi moja ya mwisho usiiache, maana mbao mbili zinaweza kutofautiana kwa herufi hiyo tu.

Na kama mashine haina intaneti kwa sababu hata draiva ya mtandao haipo? Unganisha simu yako kwa waya wa USB, kisha kwenye simu washa ile huduma ya kugawa intaneti kwa USB. Kwa simu nyingi za Android, Windows huitambua, na bando la simu linakutoa. Kama bando ni dogo, pakua draiva kwenye kompyuta nyingine na uzilete kwa flashi.

Utaratibu wa kuziweka uwe huu: chipseti kwanza, halafu diski kama inahitajika, halafu mtandao, picha na sauti. Kwa nini chipseti kwanza? Kwa sababu vifaa vingine vimeunganishwa kupitia kwake, na ni vyema Windows iijue njia kabla ya kujua vilivyo mwisho wa njia. Ukimaliza chipseti, zima na kuwasha upya hata kama hukuambiwa, kisha endelea.

Usitegemee hata hivyo kwamba draiva ya chipseti itaipa mashine ya zamani kasi mpya. Kifurushi cha Intel kwa sehemu kubwa ni mafaili ya maandishi yanayoiambia Windows kifaa hiki kinaitwa nini na kishughulikiwe vipi. Kifurushi cha AMD kina mambo zaidi, pamoja na mipangilio ya namna prosesa inavyotumia umeme. Faida kubwa ya draiva ya chipseti ni utulivu: mashine inalala na kuamka vizuri, vifaa vinatambulika, umeme unatumika inavyostahili. Kwa mtu anayeitegemea mashine kwa riziki yake, utulivu ni kitu kikubwa.

Msikilizaji, tuje kwenye diski. Hapa naomba utege sikio zaidi. Draiva ya sauti ikikosewa, utakosa muziki. Draiva ya diski ikikosewa, Windows haiwaki kabisa, na hofu inayoingia hapo huwafanya watu wafute kila kitu wakati kazi zao zote zilikuwa salama.

Nikupe mfano wa kwanza. Umeandaa flashi ya Windows 11, umeiwasha laptop kwa flashi hiyo, umefika pale pa kuchagua diski. Orodha ni tupu. Mashine inasema haikupata diski yoyote. Wengi hapo husema diski imekufa. Ndugu yangu, usinunue diski nyingine bado. Tangu prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kutoka mwaka 2020, laptop nyingi hutoka kiwandani na mpangilio uitwao VMD ukiwa umewashwa. Mpangilio huo ukiwashwa, diski ya NVMe, ile aina ya kisasa yenye kasi, inakaa nyuma ya kidhibiti cha Intel, na flashi ya Windows mara nyingi haina draiva ya kidhibiti hicho. Diski ni nzima. Kilichokosekana ni draiva tu.

Tiba yake ni hii. Nenda kwa mtengenezaji wa laptop, tafuta draiva ya Intel Rapid Storage Technology, ambayo kwa kifupi huandikwa RST. Ikija kama faili la exe, lifungue kwanza ili yaliyomo yatoke, kwa sababu pale Windows inatafuta mafaili yenye mwisho wa inf. Weka folda yake kwenye flashi ileile. Rudi kwenye ukurasa ule mtupu, bonyeza palipoandikwa "Load driver", elekeza kwenye folda, na diski itajitokeza. Mafundi wa siku nyingi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: enzi za Windows XP ulibonyeza F6 mwanzoni na kuingiza flopi yenye draiva ya diski. Ndiyo maana hadi leo utakuta baadhi ya folda hizi zimeandikwa F6.

Mfano wa pili unawahusu sana wenye kompyuta za mezani zilizotumika. Mama mmoja ana steshenari, anachapa na kutoa nakala. Kila jioni anazima umeme ukutani kabla ya kufunga, na anafanya vyema. Asubuhi moja anawasha, inatokea skrini ya bluu yenye maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Jana usiku mashine ilikuwa nzima. Kumetokea nini?

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya bayosi, ile programu ya ubaoni inayoiamsha mashine kabla ya Windows, umeme ukiwa umezimwa. Kwenye mashine ya miaka mingi betri hiyo huisha. Ikiisha, bayosi inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, ukiwemo mpangilio wa diski, ule unaoamua mashine iongee na diski kwa namna gani, AHCI au RAID. Katika baadhi ya mashine mpangilio huo wa kiwandani ni RAID, wakati Windows ya huyu mama iliwekwa kwa mpangilio wa AHCI. Windows inapowaka huita ile draiva ya diski iliyozoea tu. Ikikuta mpangilio umebadilika, haioni diski, inasimama. Dalili ya kukuongoza ni saa: ukiingia kwenye bayosi ukakuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi, shuku betri. Badilisha betri, rekebisha tarehe, rudisha mpangilio wa diski kama ulivyokuwa, na kwa kawaida Windows inawaka na mafaili yote yakiwepo. Fikiria sasa kama mtu angekimbilia kufuta na kuweka Windows upya. Kumbukumbu za wateja, barua, picha za pasipoti, vyote vingepotea kwa sababu ya betri.

Na kama unataka kubadilisha mpangilio huo kwa makusudi, kutoka RAID kwenda AHCI? Inawezekana bila kufuta kitu. Kwanza iagize Windows iwake safari ijayo kwa hali ya usalama, Safe Mode. Kisha ingia bayosi ubadilishe. Windows ikiwaka katika hali hiyo itaipata draiva mpya, halafu unairudisha kwenye hali ya kawaida. Ukikwama, rudisha bayosi ilivyokuwa.

Hapa kuna onyo moja zito. Mashine nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji wa BitLocker. Ukigusa bayosi, mashine inaweza kukuomba ufunguo wa kurejesha, nao una tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yako yamefungwa na hakuna fundi wa kuyafungua. Kwa hiyo kabla ya kugusa bayosi, hakikisha ufunguo huo umeuhifadhi nje ya mashine. Narudia: ufunguo kwanza, bayosi baadaye.

Je, kila mtu anahitaji draiva ya RST? Hapana. Kama diski yako ni moja, ya aina ya SATA au NVMe, Windows 11 imeshawaka na VMD haitumiki, draiva ya diski iliyokuja na Windows yenyewe inatosha. Kuongeza nyingine ni kuongeza jambo la kuharibika.

Hilo linatuleta kwenye swali ambalo watu huuliza sana: toleo jipya likitoka, nisasishe? Mimi nashauri usasishe ukiwa na sababu. Sababu ya kwanza, una tatizo na mtengenezaji anasema toleo hilo linalitibu. Ya pili, umehamia Windows nyingine. Ya tatu, mtengenezaji ametangaza tundu la usalama. Ya nne, umebadilisha prosesa au ubao.

Mfano wa sababu nzuri ni huu. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba prosesa za Ryzen za AMD zilikuwa zinapoteza kasi ndani yake. Tiba ilikuja kwa sehemu mbili mwezi uleule: sasisho la Windows kutoka Microsoft, na draiva mpya ya chipseti kutoka AMD. Aliyeweka moja akaacha nyingine alipata nusu ya tiba. Mwenye Ryzen wakati ule alikuwa na kila sababu ya kusasisha. Lakini mashine inayofanya kazi bila malalamiko, na hakuna onyo lolote kutoka kwa mtengenezaji, iache ifanye kazi.

Na usidanganyike na tarehe. Ukifungua maelezo ya draiva ya chipseti ya Intel unaweza kukuta tarehe 18 Julai 1968. Mtu anashtuka: draiva ya mwaka 1968? Hiyo ni siku kampuni ya Intel ilipoanzishwa. Imewekwa kwa makusudi. Windows ikikuta draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja kwa kiwango kilekile, huangalia tarehe, na ile ya zamani inampisha mwenzake. Intel haitaki mafaili hayo ya jumla yaifute draiva mahususi zaidi. Microsoft nayo huziandikia draiva nyingi zinazokuja na Windows tarehe 21 Juni 2006, kwa sababu ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo tazama namba ya toleo, uilinganishe na iliyopo kwa mtengenezaji. Na zile programu zinazojitangaza kwamba zitakagua mashine nzima na kukuletea draiva zote mpya kwa kubofya mara moja, kaa nazo mbali. Inayohesabu umri kwa tarehe tu itakwambia draiva nzima imezeeka, ikuletee nyingine usiyojua ilikotoka. Na draiva inakaa ndani kabisa ya Windows. Usimkaribishe huko usiyemjua.

Kabla ya kusasisha, fanya mambo matatu. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine. Tengeneza kituo cha kurejesha cha Windows, kinachoitwa Restore Point. Na tatu, chukua nakala ya draiva zote zilizopo. Andika hili: fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika pnputil, acha nafasi, weka mkwaju, andika export-driver, acha nafasi, weka nyota, acha nafasi, kisha andika njia ya folda uliyoiandaa kwenye flashi. Bonyeza Enter. Draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine zitanakiliwa humo. Na ukisasisha mambo yakaharibika, nenda Device Manager, fungua sifa za kifaa, utakuta kitufe cha "Roll Back Driver". Kinakurudisha kwenye draiva iliyotangulia.

Sasa naomba niseme na ndugu zangu mafundi. Kazi yenu ni ya heshima, na watu wanawakabidhi mashine zenye maisha yao ndani. Mteja wako hajui chipseti wala VMD. Anaona skrini imewaka, anakuamini. Usimkabidhi mashine kabla alama ya mwisho ya njano haijaondoka. Mwachie folda ya draiva zake kwenye diski. Mwandikie kwenye risiti mpangilio wa diski ulioutumia, AHCI au RAID. Ni dakika chache za kazi, na siku ikiharibika, fundi atakayeifungua, awe wewe au mwenzako, hataanza kwa kubahatisha.

Na wewe mteja, mzazi wangu, ndugu yangu, una haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Draiva zimetoka wapi? Nionyeshe Device Manager, kuna alama ya njano? Nakala ya draiva zangu iko wapi? Fundi mwema atafurahi kuulizwa, kwa sababu maswali hayo yanaionyesha kazi yake.

Tukumbushane basi kabla hatujaagana. Mashine kuwaka siyo kukamilika. Draiva zitoke kwa aliyetengeneza mashine, chipseti ikitangulia. Orodha ya diski ikiwa tupu, fikiria draiva kabla ya kuihukumu diski. Bayosi usiiguse kabla ya kuwa na ufunguo wa kurejesha. Sasisha kwa sababu, na kabla ya kusasisha nakili kazi zako.

Kama leo huna muda wa kufanya yote, fanya moja tu: fungua Device Manager, uone kama mashine yako ina alama ya njano. Ikiwa nayo, sasa unajua pa kuanzia.